Wimbo Umetazamwa Mara Milioni Kumi, Pesa Iko Wapi?

Kila msanii anayefahamika anapolazwa hospitalini na familia yake ikatoa namba ya simu ya kupokea michango, swali lilelile hurudi mitandaoni: huyu si ndiye ambaye wimbo wake ulikuwa unapigwa kila kona? Zile pesa za YouTube kazipeleka wapi? Wengine hujibu kwamba kazimaliza kwa starehe. Wengine humtupia lawama meneja. Wachache sana huuliza lililopaswa kuulizwa mwanzo: pesa hizo zilikuwa kiasi gani, na kisheria zilikuwa za nani?

Nauona uzito wa swali hilo kwa sababu majibu yake ya haraka huwavunjia heshima watu waliotupa furaha kwa miaka mingi. Msanii anaweza kuwa na jina linalojulikana kuanzia Mtwara hadi Mombasa na bado asiwe na haki hata moja juu ya wimbo uliompa jina hilo. Umaarufu wake ni wa kweli na ukata wake ni wa kweli.

Wimbo mmoja, mali mbili

Tuanze na maneno, kwa sababu mkanganyiko mwingi unazaliwa hapa.

Wimbo unaousikia una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi: maneno na mahadhi yake, yaani ile ngoma kama ilivyokuwa kichwani mwa mtunzi kabla mtu yeyote hajaingia studio. Ya pili ni rekodi, ambayo watu wa studio huiita masta: ile sauti iliyonaswa siku fulani, kwa uimbaji wa mtu fulani, kwa gharama za mtu fulani. Fikiria kiwanja na nyumba iliyojengwa juu yake. Kiwanja kinaweza kuwa cha Asha na nyumba ikawa ya Juma, na juu ya kiwanja hicho hicho watu wengine wanaweza kuja kujenga nyumba zao, ilimradi kila mmoja amlipe Asha. Ndivyo wimbo mmoja unavyoweza kurudiwa na waimbaji kumi: rekodi kumi, utunzi mmoja.

Mtunzi analindwa na hakimiliki. Aliyeimba, aliyepiga ala na aliyegharamia rekodi wanalindwa na hakishiriki. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inabeba majina yote mawili, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Malipo anayopata mwenye haki kazi yake inapotumika huitwa mirabaha. Kwa hiyo mtu akisema "msanii alipwe mirabaha yake," lazima tuulize: mirabaha ya nini? Kama aliimba wimbo uliotungwa na mwingine, katika studio iliyolipiwa na mwingine, chini ya mkataba uliompa mwingine masta, huenda anachodai ni kidogo sana.

Anayeona hili ni suala la wanasheria tu asome habari za Solomon Linda. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi wimbo wa Mbube kwenye studio ya kampuni ya Gallo. Haki za wimbo huo zilikwenda kwa kampuni kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukawekewa maneno ya Kiingereza, ukawa maarufu Marekani, na mwaka 1994 ukasikika kwenye ile filamu ya Disney ya mwanasimba ambayo watoto wa dunia nzima wanaijua. Linda hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1962 akiwa fukara. Mwaka 2004 wanasheria wa mabinti zake walifungua kesi wakiegemea sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyokuwa imeenea katika himaya yake. Sheria hiyo ilieleza kwamba haki alizouza mtunzi zinarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Mwaka 2006 pande zikaelewana nje ya mahakama na familia ikaanza kupata fungu lake. Tazama mali iliyoleta fedha hapo ni ipi. Ile rekodi ya 1939 si iliyovuma duniani. Kilichozunguka dunia ni utunzi.

Kabla ya intaneti, nani alilipwa?

Kuna imani kwamba wanamuziki wa zamani waliishi vizuri kuliko wa sasa kwa sababu "walipiga muziki wa kweli". Muziki wao naupenda mno, lakini hesabu zao zilikuwa za aina nyingine kabisa.

Bendi nyingi kubwa za dansi Tanzania baada ya Uhuru zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na leo tunaiita Msondo Ngoma. Mlimani Park, wana Sikinde, walianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha wakahamia Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ndipo jina la DDC likatangulia mbele yao. Vyombo vilikuwa vya mwajiri na mwanamuziki alipokea mshahara. Akihama bendi, na walihama kweli, aliondoka na sauti yake tu, gitaa lilibaki.

Kurekodi kulifanyika zaidi Radio Tanzania Dar es Salaam. Kanda zilibaki maktaba ya redio, nyimbo zikapigwa hewani miaka nenda miaka rudi, na mwanamuziki hakuwa na utaratibu wa kulipwa kila zinapopigwa. Ukisikia leo mzee aliyeimba wimbo unaoujua kwa moyo anasema hajawahi kuona mirabaha yake, si lazima kuwe na mtu aliyemwibia mfukoni. Mfumo wenyewe haukuwa na mfuko kwa ajili yake.

Baadaye zikaja kaseti, na miaka ya 1990 kuelekea 2000 Bongo Fleva ikachipuka kupitia studio kama MJ Records ya Master J na Bongo Records ya P-Funk. Msanii chipukizi alibeba masta yake mpaka kwa msambazaji Kariakoo, mara nyingi akauza kwa mkupuo: pesa mkononi, mkataba wa kurasa chache, basi. Albamu ikiuza nakala elfu mbili au laki mbili, yake ilikuwa ile ile. Na maharamia wa kaseti walikuwa wakifyatua nakala zao usiku kucha.

YouTube hailipi kwa kutazamwa

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, kwamba kila anayetazama anamwingizia msanii senti kadhaa. YouTube ni biashara ya matangazo. Kampuni zinalipa ili matangazo yao yaonekane, na mwenye chaneli anapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video za kawaida. Kuna pia fungu la wale wanaolipia kutazama bila matangazo. Kutazamwa ambako hakukuwa na tangazo wala mtazamaji anayelipia hakuingizi kitu.

Halafu kuna suala la mtazamaji yuko wapi. Kampuni inayotangaza kwa watu wa Norway au Marekani inalipa zaidi kuliko inayotangaza kwa watu wa Tandika, kwa sababu inatarajia kuuza vitu vya bei kubwa. Kwa hiyo video mbili zilizotazamwa mara milioni moja kila moja zinaweza kutofautiana malipo kwa mbali sana. Hapo ndipo ndugu zetu walioko Muscat, London na Minneapolis wanapokuwa na thamani kubwa kwa msanii wa nyumbani kuliko wanavyojua. Lakini nalo hilo lina makato yake: tangu katikati ya 2021, mapato yanayotokana na watazamaji wa Marekani yanakatwa kodi ya nchi hiyo, hadi asilimia 30 kwa msanii aliyeko nchi isiyo na mkataba wa kodi na Marekani, na Tanzania na Kenya ni miongoni mwa hizo.

Sasa tufuate pesa. Namba hizi ni za kuonyesha njia tu, si bei rasmi ya mtu yeyote. Video imetazamwa mara milioni 10. Tuseme matangazo yalionekana mara milioni 4, na kila mara elfu moja zililipiwa dola 1. Hizo ni dola 4,000. YouTube inabaki na asilimia 45, zinabaki 2,200. Kama chaneli ni ya lebo, yaani kampuni inayomgharamia msanii, na mkataba unasema nusu kwa nusu, msanii ana 1,100. Kama wimbo ni kolabo ya wawili kwa mgawo sawa, kila mmoja ana 550. Video yenyewe, pamoja na dairekta, nguo, magari ya kukodi na madansa, iligharimu mara kadhaa ya hapo, na mkataba mwingi husema gharama zirudi kwanza kabla ya kugawana.

Hesabu hiyo inaelezea kwa nini mtu mwenye namba za kutisha anaweza kuwa anadaiwa kodi ya nyumba. Inaelezea pia kwa nini wengine wanatoboa kweli. Diamond Platnumz, ambaye mwaka 2020 alifikisha mara bilioni moja za kutazamwa kwenye chaneli yake, anamiliki lebo. Kwenye ile ngazi ya "nusu kwa nusu" yeye ndiye nusu zote mbili, na nyimbo zake zote za nyuma zinaendelea kutazamwa kila siku bila gharama mpya.

Jambo moja ambalo wasanii wachanga hulikosa: YouTube ina mtambo unaotambua muziki uliomo kwenye video za watu wengine. Wimbo wako ukitumika kwenye video ya harusi au ya mchekeshaji, mapato ya video ile yanaweza kuelekezwa kwako, ikiwa tu masta imesajiliwa kwenye mtambo huo kwa jina lako. Kama aliyeisajili ni mwingine, tuseme prodyuza aliyekuuzia biti ambayo pia aliiuza kwa wengine watatu, utajikuta unawekewa dai kwenye wimbo wako mwenyewe.

Fungu la pamoja

Spotify, jukwaa la kusikiliza muziki mtandaoni, iliingia Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda Februari 2021. Kabla yake tulikuwa na Boomplay, iliyokuja imeshawekwa ndani ya simu za Tecno, na Mdundo, iliyoanzia Kenya kwa kuwapa watu nyimbo za kupakua bure zenye matangazo, na ambayo mwaka 2020 iliandikishwa kwenye soko la hisa la Copenhagen. Apple Music nayo ipo, na Audiomack.

Watu huuliza, Spotify inalipa shilingi ngapi kwa kila anayesikiliza? Hakuna bei hiyo. Mapato ya mwezi kwenye soko husika hukusanywa, kampuni inabaki na takriban theluthi moja, na kinachobaki kinagawanywa kwa wenye haki kulingana na sehemu ya usikilizaji wote iliyoangukia nyimbo zao. Chukulia fungu la mwezi ni shilingi milioni 100 na nyimbo zote zimesikilizwa mara milioni 50. Wako umesikilizwa mara laki 5, ambayo ni asilimia moja, basi fungu lako ni milioni moja. Mwezi unaofuata fungu ni lile lile lakini watu wamesikiliza mara milioni 100. Wako bado una laki 5. Unapata laki 5 za shilingi. Hujafanya kosa lolote, mashabiki hawajakukimbia, na malipo yamekatika katikati.

Ndiyo maana mwezi ambao msanii mkubwa ametoa albamu unaweza kuwa mwembamba kwa wengine wote. Na ndiyo maana usikilizaji wa nchi zenye ada ya chini, ambako wengi husikiliza bure, hulipa kidogo. Tangu mwaka 2024 Spotify imeongeza sharti: wimbo ambao haujasikilizwa walau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita haupati malipo ya rekodi kabisa. Kwa msanii wa mtaani anayeanza, sharti hilo linauma.

Msanii hapeleki wimbo mwenyewe kwenye majukwaa haya. Anapitia msambazaji wa kidijitali. Wapo wanaotoza ada ya mwaka na kumwachia msanii mapato yote, kama DistroKid, na wapo wanaochukua asilimia. Hapa sioni aibu kutoa maoni: msanii asiye na lebo asikubali kumpa msambazaji masta yake. Msambazaji ni mpeleka mzigo. Kumlipa ni sawa, kumpa mzigo wenyewe si sawa.

Na TikTok? Kwa wanamuziki wengi wa hapa ni uwanja wa kujitangaza zaidi kuliko chanzo cha kipato. Wimbo unaweza kuchezwa kwenye video laki moja na msanii akaambulia kidogo sana, ingawa zawadi wanazotumiwa na watazamaji wanapokuwa laivu zimekuwa msaada wa kila wiki kwa baadhi yao.

Muito wa simu, redio na baa

Kuna kipindi ambapo miito ya simu, ule wimbo anaousikia mtu anapokupigia, ilikuwa tegemeo kubwa kuliko intaneti. Kenya huduma ya Skiza ya Safaricom iliwaingizia wengi kipato, hasa waimbaji wa injili, na ilileta ugomvi mrefu kuhusu mgawo. Mwaka 2022 sheria ya hakimiliki ya Kenya ilirekebishwa na kuweka kiwango: mwenye wimbo asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5. Watu wengi hawajui kwamba walipokuwa wakikatwa ada ya muito, pesa hiyo iligawanywa mara tatu kabla ya kumfikia mwimbaji, na kama alikuwa na lebo, mara nne.

Tanzania somo lilikuja kupitia mahakama. Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe AY na Mwana FA shilingi bilioni 2.16 kwa kutumia nyimbo zao mbili kama miito bila idhini yao. Kampuni ilikata rufaa, lakini uamuzi ule uliwashtua wengi, wasanii na makampuni kwa pamoja. Mwana FA, kwa jina la Hamis Mwinjuma, baadaye alikuwa mbunge wa Muheza na mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri katika wizara inayosimamia sanaa.

Redio, baa, hoteli, saluni na mabasi ni sehemu nyingine. Mwenye baa hutetea hivi: mimi namtangaza msanii, kwa nini nimlipe? Lakini muziki ndio unaomfanya mteja akae na kuagiza tena. Sheria inasema kutumia kazi ya mtu mbele ya umma kunahitaji leseni. Kenya, kwa miaka mingi makusanyo haya yalifanywa na MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wenye rekodi na PRISK kwa waimbaji na wapigaji, chini ya usimamizi wa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya nchi hiyo, na malalamiko ya wasanii kwamba kinachokusanywa hakiwafikii hayajawahi kukoma. Tanzania kazi hiyo ilikuwa ya COSOTA, taasisi ya hakimiliki, na Januari 2022 wasanii waligawiwa takriban shilingi milioni 312. Mwaka huo huo sheria ilirekebishwa ili COSOTA isimamie tu, na ukusanyaji uhamie kwa vyama vya wenye haki wenyewe.

Milioni 312 ukizigawa kwa wasanii wote hao si kipato cha kumlea mtu mwaka mzima. Tatizo kubwa ni kumbukumbu. Ili mirabaha igawiwe kwa haki lazima ijulikane ni wimbo gani ulipigwa, wapi na mara ngapi, na lazima wimbo uwe umesajiliwa kwa majina sahihi. Redio isiyotoa orodha ya nyimbo ilizopiga inamnyima msanii mara mbili, kwanza malipo, pili ushahidi.

Na tukiwa hapo hapo, kuna aibu ambayo kila mtu kwenye tasnia anaijua: badala ya redio kumlipa msanii, kuna vituo ambako msanii ndiye hutoa kitu kidogo ili wimbo wake upigwe. Msanii chipukizi anayefanya hivyo huwa amenunua masikio kwa mkopo.

Mwili na jina

Kwa yote hayo, wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki wanaishi kwa shoo. Hapo hakuna msambazaji wala mtambo, kuna promota, jukwaa na kiingilio. Lakini nayo ina ngazi zake. Tuseme shoo ya mkoani imelipwa milioni 10. Meneja anachukua asilimia 20. Madansa, dijei au bendi, usafiri, malazi, mavazi na kodi vinakula sehemu kubwa ya kinachobaki. Msanii mwangalifu anaweza kurudi na milioni tatu au nne. Asiyekuwa mwangalifu anarudi na picha. Na promota akiingia mitini baada ya kutoa advansi tu, hurudi na deni.

Shoo pia haina pensheni. Ukiumwa miezi sita, kipato kinasimama miezi sita. Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya haki na jasho: wimbo unaweza kuingiza pesa ukiwa umelala, mwili hauwezi.

Zipo njia za jukwaani ambazo wachambuzi huzisahau kwa kuwa haziko kwenye ripoti yoyote. Taarabu imeishi kwa kutunzwa: wanawake wanatoka mmoja mmoja na noti, wanazipachika au wanazirushia, na ukumbi wa watu walioguswa unaweza kuzidi malipo ya mkataba. Singeli imekulia kwenye shughuli za uswahilini, vigodoro na ngoma za mtaa Dar es Salaam, ambako dijei na MC hulipwa kwa usiku. Ni kupitia watu wa Nyege Nyege, tamasha na lebo ya Kampala, ndipo baadhi yao walianza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Waimbaji wa injili wana uzinduzi wa albamu, ambako mgeni rasmi hununua nakala ya kwanza kwa bei ya heshima na waumini wakafuata. Huko Kongo kuna mabanga: tajiri, mwanasiasa au mfanyabiashara analipa ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. Msikilizaji wa Bukavu au Lubumbashi anajua kabisa kwamba orodha ile ya majina katikati ya sebene ndiyo iliyolipia studio.

Juu ya shoo kuna mikataba ya matangazo, na hapa ndipo jina hulipwa kuliko wimbo. Kampuni ya vinywaji haitaki utunzi wako, inataka uso wako. Wengine wamekwenda hatua ya pili na kumiliki bidhaa. Diamond alitoa manukato yake na karanga, kisha akaanzisha redio na televisheni. Alikiba alijifunga na kinywaji cha Mofaya. Hii inaeleza kwa nini kiki, vile visa vya kutengeneza ili mtu azungumzwe, haviishi: jina linalozungumzwa lina bei sokoni hata kama wimbo umelala. Nasikitika kwamba soko letu linamlipa mtu zaidi kwa kugombana na mpenzi wake kuliko kwa kuandika beti nzuri, lakini ndivyo ilivyo.

Msimu wa kampeni nao ni msimu wa kazi. Lakini kualikwa kuimba jukwaani ni jambo moja, na kuchukua rekodi ya mtu ukaibandika kwenye video ya siasa ni jingine. Mei 2022 Sauti Sol walilalamika hadharani kwamba muungano wa Azimio nchini Kenya ulitumia wimbo wao kwenye video ya kumtambulisha mgombea mwenza bila ruhusa. Wapo waliowaona wana maringo, kwamba wangeshukuru kutangazwa. Ukweli ni kwamba kuunganisha wimbo na picha kunahitaji idhini ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi, na leseni ya kupiga muziki ukumbini haitoshi. Katika nchi zenye filamu na matangazo mengi, idhini za namna hii ni chanzo kikubwa cha kipato. Kwetu zimezoeleka kuchukuliwa bure.

Lebo ni mkopeshaji

Msanii akitangaza amesaini lebo, mashabiki humpongeza kana kwamba ameajiriwa. Mara nyingi amekopeshwa. Lebo inalipia studio, video, nyumba, gari na matangazo, kisha inajilipa kutoka kwenye mapato yake kwanza. Mkataba ukigusa kila kitu, muziki, shoo na matangazo ya biashara, basi hata posho ya kufungua duka jipya la simu ina fungu la lebo.

Sisemi lebo ni wezi. Mtu anayeweka mamilioni kwa kijana asiyejulikana anabeba hatari ya kweli, na WCB, lebo ya Diamond, imewatoa watu ambao wasingesikika. Lakini Harmonize alipoondoka WCB mwaka 2019 alisema hadharani kwamba kutoka kulimgharimu mamia ya mamilioni ya shilingi, na umma ukashangaa. Kilichostahili mshangao ni kwamba wengi walidhani mkataba unavunjwa kwa kuaga. Kila anayesaini anapaswa kujua siku hiyo hiyo bei ya kutoka, nani anabaki na masta, na kwa miaka mingapi.

Karatasi ya studio

Nikiulizwa na kijana anayeanza aanzie wapi, simwambii kuhusu YouTube. Namwambia kabla hajatoka studio, waliomo wote waandike na kusaini karatasi moja: nani ametunga maneno, nani mahadhi, nani ametengeneza biti, kila mmoja ana asilimia ngapi ya utunzi, na masta ni ya nani. Prodyuza akilipwa kwa mkupuo, iandikwe kwamba amelipwa kwa mkupuo. Akibaki na asilimia, iandikwe. Wapo wanaotunga kwa ajili ya wengine, Marioo alifahamika kwa kazi hiyo kabla hajavuma mwenyewe, na kwa mtu wa aina hiyo karatasi ile ndiyo mali pekee aliyonayo kwenye wimbo usiobeba sauti yake.

Baada ya hapo asajili wimbo kwenye ofisi ya hakimiliki, aweke masta kwa msambazaji kwa jina lake, na afungue akaunti zake mwenyewe badala ya kutumia za meneja. Barua pepe na nywila ziwe zake. Hakimiliki ya utunzi, Tanzania na Kenya, inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo kwenye ile karatasi, pembeni ya jina lake, kuna nafasi ya kuandika pia jina la mrithi.